Mke wa Diepsloot

Vitambaa vilikuwa vimetolewa tena.

Murielle alisimama katikati ya chumba, mkoba wa kazi bado begani, akatazama ukuta juu ya dirisha. Jumamosi iliyopita alipanda kwenye kiti akaziba matundu yote ya hewa kwa vipande vya blanketi kuukuu, akavisukuma ndani kwa bisibisi mpaka vikakaza. Leo matundu yalikuwa wazi, na upepo wa mwezi wa tano ulikuwa unajipitia kana kwamba nyumba haina mwenyewe. Hata ule mto mwembamba aliokuwa ameushona na kuujaza mabaki ya nguo, wa kuweka chini ya mlango, ulikuwa umeondolewa. Aliukuta juu ya kabati pamoja na vile vitambaa, vyote vimekunjwa vizuri, kimoja juu ya kingine.

Huko kukunjwa ndiko kulikomchoma. Mtu mwenye haraka hakunji. Aliyevikunja alikuwa na nafasi yake humu ndani, alijua kabati liko wapi, na hakuona haya kuacha alama kwamba amepita.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili vya matofali na bati, nyuma ya nyumba kubwa ya zamani huko Kensington, mashariki mwa Johannesburg. Fiacre alikuwa amehamia tangu Pasaka. Murielle angemfuata baada ya harusi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, katikati ya baridi yenyewe. Kwa hiyo kila cherehani yake ilipopumzika kule Yeoville alikokuwa anashona, alipanda taxi, zile basi ndogo za abiria, akaja kuiandaa nyumba. Alishona mapazia mazito yenye bitana. Alitandika zulia kwenye sakafu ya saruji. Baridi ya Johannesburg haina mvua wala kishindo. Inakuja kavu, inapenya kwenye bati na kwenye kufuli, na mtu aliyezaliwa Uvira kando ya ziwa haizoei hata akae miaka mingapi.

Naye alitaka chumba chao kiwe na joto. Alikuwa akishona huku akiwaza habari hiyo, Fiacre akirudi alfajiri kutoka kwenye lindo, vidole vyake vikiwa baridi kama chuma, yeye akivipokea ndani ya blanketi. Akifika hapo kwenye mawazo alikuwa anainamisha uso, wateja wasimwone anatabasamu.

Siku hizi hakuwa anatabasamu sana. Kabla ya vitambaa kulikuwa na mbaula. Aliinunua kwa mtengeneza mabati, debe lililotobolewa matundu la kuwashia makaa, maana umeme wa mji huu huwezi kuutegemea. Aliileta mwenyewe na gunia la makaa. Wiki iliyofuata havikuwepo. Fiacre alisema vimeibwa. Lakini Sonia, Mrundi aliyepanga chumba katika ile nyumba kubwa, alimwambia Murielle bila kuulizwa kwamba alimwona Fiacre mwenyewe akitoka getini na mbaula mkononi na gunia begani, akifuata njia ya kwenda kwenye taxi.

Sasa mwanamume anayebeba mbaula mpya kwenda nayo kwenye taxi anampelekea nani?

Mlango ulifunguliwa. Fiacre aliingia na sare yake ya ulinzi, macho mekundu kwa usingizi. Alipomwona Murielle uso wote ukalainika, kama ilivyokuwa kawaida yake, na Murielle naye, kama ilivyokuwa kawaida yake, moyo ulimruka kabla hajapata muda wa kuuzuia. Ndivyo walivyoanza. Mwaka uliopita alimletea koti lililochanika bega, akasimama dukani akimtazama anavyoshona, na aliporudishiwa koti hakuondoka.

Kisha macho ya Fiacre yakaenda kwenye kabati, na ule ulaini ukamtoka.

"Nani anaingia humu nisipokuwepo?" Murielle aliuliza.

"Hakuna anayeingia."

"Na vitambaa?"

Fiacre alivua kofia, akaigeuzageuza. Alisema labda upepo ulivisukuma vikaanguka, akaviokota.

"Nilivikaza kwa bisibisi, Fiacre."

"Basi sijui, chérie. Nimechoka. Tuongee Jumamosi."

Hakumtazama alipokuwa akisema hivyo. Mwanamume huyu ambaye alikuwa na tabia ya kumkazia macho mpaka watu wa kanisani wakawatania, leo aliongea na kofia. Murielle alichukua mkoba wake. Mlangoni Fiacre alimshika mkono kidogo tu, vidole vitatu, kana kwamba anaomba kitu asichojua jina lake. Murielle aliutoa mkono taratibu akaenda zake.

*

Dada yake, Thérèse, alikuwa na saluni ndogo Yeoville, mlango wa pili kutoka kwenye duka la Murielle. Ndiye aliyemlea tangu walipotoka Uvira, na Murielle alikuwa anamwita Yaya kama mtu anavyomwita mama. Yaya hakuwahi kumkubali Fiacre. Hakuwa na tusi juu yake, alikuwa na maswali. Ndugu zake wako wapi? Nani mkubwa wake, atakayekuja kukaa mbele yetu na kusema huyu ni mtoto wetu? Fiacre alikuwa amejibu kwamba wazazi walikufa Rumonge, kwao Burundi, na kwamba hapa hana mtu. Thérèse hakuridhika na jibu hilo. Yeye mwenyewe aliolewa na mwanamume wa namna hiyo, asiye na mtu, na baada ya miaka mitano watu wake wakajitokeza Durban, mke na watoto wanne.

Siku ile Murielle alipoingia saluni, Thérèse alimwangalia mara moja, akamwambia mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele asubiri, akamvuta mdogo wake kwenye kona ya kuoshea nywele.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia," alisema. "Sikuipata. Sasa nitakuambia hivyo hivyo."

Alikuwa amekuja mwanamke kusuka, mtu wa Bujumbura, aliyewahi kuishi Diepsloot, mtaa wa vibanda kaskazini mwa mji, kabla ya kuhamia Pretoria. Katika mazungumzo wakafika kwenye habari ya harusi, na Thérèse akataja jina la bwana harusi, mlinzi, mtu wa Rumonge, mrefu, ana kovu kwenye nyusi. Yule mwanamke akauliza, Fiacre yupi, yule mume wa Emérite?

Murielle alishika kingo za sinki.

"Nilimuuliza mara mbili," Thérèse alisema kwa sauti ya chini. "Alisema mume wa Emérite. Walikuwa wanakaa pamoja Diepsloot, karibu na duka la kaka yake Emérite. Anaitwa Cyriaque. Huyu mteja wangu alipohama aliwaacha hapo."

Kilichofuata Murielle hakukipanga. Kila kitu kilijipanga chenyewe kichwani: matundu yaliyofunguliwa, vitambaa vilivyokunjwa kwa mkono wa mwanamke, mbaula iliyokwenda kwenye taxi. Emérite alikuwa anakuja Kensington mchana, wakati yeye yuko kwenye cherehani. Emérite alikuwa anaona mapazia yake, anayashika bitana, anacheka. Na kule Diepsloot, ndani ya nyumba ya mabati, Emérite alikuwa anaota moto wa mbaula aliyoinunua Murielle.

Siku kadhaa zilizofuata alishona vibaya. Kichwani alimpimia Emérite sura. Asubuhi alikuwa mwembamba mwenye meno meupe, jioni akawa mnene mwenye dharau. Fiacre alipopiga simu hakupokea. Alipotuma ujumbe kuuliza kama anaumwa, alijibu kwamba ana kazi nyingi.

Siku ya mapumziko ya saluni, Thérèse alivaa koti lake refu, akafunga kilemba, akasimama mlangoni kwa mdogo wake.

"Twende tukamwone," alisema.

"Nikimwona nitamwambia nini?"

"Utamsalimia. Mengine yatakuja."

*

Walibadili taxi mjini. Nyasi za pembeni mwa barabara zilikuwa zimekauka zikawa rangi ya simba, mahali pengine zimeungua, na moshi ulining'inia chini juu ya Diepsloot kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba. Waliuliza duka la Cyriaque mara mbili wakaonyeshwa. Lilikuwa spaza ya kawaida, duka dogo la mtaani, kontena lenye dirisha la nondo, mikate na mafuta ya kupikia nyuma ya waya. Ndani alikaa mwanamume wa makamo mwenye sweta mbili.

Walisalimiana. Alipokisikia Kiswahili chao alifurahi, akatoka nje kwa mlango wa pembeni, akawaletea kreti wakalie. Hawakukaa.

"Namtafuta dada yako," Murielle alisema. "Emérite."

Cyriaque alimtazama, kisha akamtazama Thérèse, kisha akarudi kwake. Alikaa yeye kwenye lile kreti.

"Dada, wewe ni mgeni hapa," alisema. "Emérite tulimzika. Baridi ya mwaka juzi."

Murielle alikuwa amekuja na maneno mengi, amechagua mpaka la kuanzia, na sasa hapakuwa na wa kuambiwa.

Cyriaque aliwasimulia bila kuulizwa, kama mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi mpaka sauti ikazoea njia. Dada yake na mumewe walikuwa wanakaa pale nyuma, nyumba ya mabati. Mwaka ule baridi ilikuja na meno. Kabla haijafika, Fiacre aliiandaa nyumba kuliko mtu yeyote wa mtaa huo. Aliziba kila ufa kwa maboksi na plastiki na udongo, watu wakaja kuangalia wajifunze. Kisha usiku mmoja akaenda lindoni, na Emérite, kwa kuwa baridi ilizidi, akaingiza mbaula ndani akafunga mlango. Moshi ulikuwa umeisha, makaa yalikuwa mekundu tu, na makaa mekundu mtu huyaona kuwa salama.

"Asubuhi shemeji aligonga sana," Cyriaque alisema. "Tulivunja mlango pamoja. Alikuwa amelala tu, kama mtu aliyechoka. Ile hewa mbaya haina harufu. Ilikosa pa kutokea."

Thérèse alikuwa amejishika kilemba kwa mikono miwili.

"Hakuwa na kosa," Cyriaque aliendelea. "Sote tuliziba nyumba zetu vile vile. Nimemwambia hivyo mpaka nimechoka, hasikii." Alimgeukia Murielle, akamchunguza vizuri kwa mara ya kwanza. "Ni wewe, siyo? Mshonaji wa Yeoville. Alikuja hapa mwezi wa kwanza, akapiga magoti hapo ulipo wewe, akaniambia habari zako. Alitaka nimruhusu kuoa. Nikamwambia oa, Emérite naye angetaka hivyo. Nikamwambia, siku ya kwenda kwa wakubwa wake uniite, nitakuja kusimama nawe. Hakuniita."

*

Kurudi, Thérèse ndiye aliyeanza kusema, walipokuwa wanangoja kwenye robot, taa za barabarani, karibu na mjini.

"Hasira yangu sijui niiweke wapi sasa," alisema. Kisha akaongeza: "Lakini alikudanganya, Murielle. Mbaula imeibwa, upepo umesukuma vitambaa. Mtu anayeweza kukudanganya kwa huzuni anaweza kukudanganya kwa jambo lingine. Sisemi ni mbaya. Nasema uliangalie hilo kabla hujavaa gauni."

Murielle alisema anajua. Alikuwa analiangalia tangu Diepsloot na lilikuwa bado pale pale. Alikuwa amemwonea huruma Fiacre mpaka kifua kikauma, na bado hakuwa anamwamini, na hakujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ndani ya taxi ile aliamua. Angemuuliza swali moja, lile lile. Kama angemletea tena habari ya upepo, angeirudisha pete ya uchumba hapo hapo na kuondoka, na kifo cha Emérite kisingekuwa kisingizio.

Aliagana na dada yake mjini, akaenda Kensington peke yake.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Fiacre alikuwa amesimama kwenye kiti, anapaka mafuta komeo la dirisha, analifungua na kulifunga, analifungua na kulifunga. Alikuwa amekonda. Alipogeuka akamwona alishuka haraka, akasimama mikono ikiwa na mafuta, hajui kama anaruhusiwa kumkaribia.

Murielle hakukaa.

"Nani anafungua matundu yangu, Fiacre?"

Alimwona akivuta pumzi ya kutafuta maneno. Alimwona akitazama dirisha. Murielle alihesabu kwamba sasa utakuja upepo, sasa atasema upepo, na mkono wake wenyewe ukaanza kuisogeza pete kwenye kidole.

"Mimi," Fiacre alisema.

Mkono ukasimama.

"Ninafungua mimi. Kila ukiondoka. Na mbaula niliitupa, nilienda nayo mpaka mbali ili usiione." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilikuwa na mke, Murielle. Sikukuambia."

Alisimulia akiwa amesimama, bila kujitetea, na yote yalilingana na aliyoyasema Cyriaque. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo Cyriaque hakulijua. Jioni ile, kabla hajaenda kazini, ulikuwa umebaki uwazi mmoja juu ya mlango, wa upana wa kiganja. Emérite alisema auache, nyumba isije ikanuka unyevu. Fiacre alisema baridi itapita hapo, akauziba. Alikuwa na haraka ya kuwahi taxi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho, habari ya uwazi wa upana wa kiganja.

"Nikiona wewe umepanda kwenye kiti unaziba," alisema, "silali mpaka nifungue. Najua hakuna makaa. Najua. Hata hivyo sipati usingizi."

Machozi yalikuwa yanamtoka Murielle, naye aliyaacha yatoke, ila hakumkimbilia. Alimwambia kwamba ametoka Diepsloot leo. Fiacre alifumba macho.

"Ulimpelekea Cyriaque habari zangu, ukampigia magoti. Mimi hukuniletea habari za Emérite. Kwa nini?"

"Niliogopa utaniangalia kama muuaji."

"Na badala yake nimekuangalia kama malaya." Alisema polepole, maana alitaka kila neno lifike. "Nimemchukia marehemu, Fiacre. Siku zote hizi nimekaa kwenye cherehani namchukia mtu aliyelala kaburini, namtukana moyoni, nampimia sura. Hicho ndicho ulichonifanyia. Uliniacha nimchukie."

Fiacre alikaa chini kwenye zulia, mgongo ukutani, mikono yenye mafuta juu ya magoti.

Nje Sonia alipita na ndoo, akawasalimia kupitia dirishani, akaona nyuso zao, akaenda zake.

"Mwezi wa saba sitaolewa," Murielle alisema.

Aliona jinsi neno lilivyomwingia. Alimpenda hata wakati huo. Pengine wakati huo zaidi kuliko siku ya koti.

"Yaya atakuwa amefurahi," Fiacre alijibu kwa sauti ndogo, bila uchungu.

"Yaya hajui. Ni mimi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Baridi ikiisha, mwezi wa kumi, tutaangalia. Utamleta Cyriaque nyumbani, asimame nawe kama alivyosema. Kama nitakuwa nimekuamini tena, nitavaa gauni. Kama sijakuamini, nitakuambia mapema, sitakuficha. Na wewe, ukisikia hofu tena, utaniambia ingali ndogo."

"Nitakuambia."

"Sijasema nimekusamehe."

"Nimesikia."

Murielle alivua viatu. Alikwenda akakaa juu ya zulia, si karibu naye sana, mgongo kwenye ukuta ule ule, akavuta miguu chini ya sketi. Hewa ya jioni ilikuwa inaingia baridi kabisa, naye akaiacha iingie.

"Mimi siwezi kuishi na mtu nisiyemjua," alisema. "Niambie alikuwa nani. Si namna alivyokufa. Namna alivyokuwa."

Fiacre aliinamisha kichwa juu ya magoti. Murielle alidhani analia, lakini alipomtazama alimwona anatafuta pa kuanzia, kama mtu anayefungua sanduku alilolifunga zamani na hana hakika kilicho juu ni nini.

"Alikuwa hajui kupika wali," alisema hatimaye. "Hata kidogo. Ulikuwa mbichi au umeungua. Nikimcheka, na yeye anacheka, tunakula hivyo hivyo."

Wivu ulimchoma Murielle mahali palepale ulipozoea kumchoma. Aliusikia, akaungoja upite, haukupita.

"Endelea," alisema.